Nukta Juu, Mstari Chini: Alama za Irabu kutoka Tiberia hadi Juba

Ukitoka uwanja wa ndege wa Juba ukaingia mtaa unaopakana nao, utakuta jina moja limeandikwa kwa sura tatu. Wakazi huandika Thongpiny. Mashirika mengi ya misaada huandika Tongping. Umoja wa Mataifa, wenye kambi yake hapo, huandika Tomping, na hilo ndilo lililosikika duniani tangu Desemba 2013, vita vilipozuka mjini na maelfu ya watu wakakimbilia ndani ya uzio wa kambi hiyo. Mtaa ni mmoja, ila kila mwandishi ameandika alichokisikia. Na katika sura zote tatu, msomaji mgeni haambiwi lolote kuhusu irabu: kama ni fupi au ndefu, kama hutamkwa kwa koo lililokaza au kwa pumzi.

Katika lugha za Kinilo za Sudan Kusini, jambo hilo ni zito. Kidinka na Kinuer hubeba sehemu kubwa ya maana ndani ya irabu, na kwa karibu miaka 100 sasa watu wamekuwa wakitafuta namna ya kuziandika. Swali lao ni kongwe. Liliwahi kuulizwa Meroe, Aksum, Basra na Mombasa, na jibu lake mashuhuri kuliko yote lilitolewa na Wayahudi wa Tiberia, kando ya Ziwa la Galilaya, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Ninaisimulia historia hii kwa sababu naamini ina funzo kwa Juba ya leo: alama ya irabu huzaliwa pale wenye lugha wanapoona watoto wao hawaisikii tena nyumbani, na hudumu pale wenye lugha wenyewe wanapoishika.

Herufi zisizo na sauti

Mswahili aliyepitia chuo cha Kurani hahitaji maelezo marefu. Alipoanza kusoma alifundishwa herufi, kisha akafundishwa fataha, kasra na dhumma, zile alama ndogo zinazokaa juu na chini ya herufi kuonyesha a, i na u. Bila alama hizo, herufi tatu k-t-b zaweza kusomwa kataba, yaani aliandika. Kutiba, yaani iliandikwa. Au kutubu, yaani vitabu. Msomaji hujua ipi ndiyo kwa kutazama maneno yanayozunguka.

Kiebrania ni ndugu wa Kiarabu, na kiliandikwa vivyo hivyo. Alfabeti yake ina herufi 22, zote konsonanti. Herufi d-b-r zikisomwa davar ni neno, zikisomwa dever ni tauni, zikisomwa diber ni alisema. Kwa mtu aliyenyonya Kiebrania na maziwa ya mama, hilo halikuwa tatizo. Lugha ilikuwa sokoni, shambani na hekaluni, na sikio lilijaza kile ambacho kalamu iliacha.

Hata hivyo waandishi wa kale walijisaidia kidogo. Walichukua konsonanti chache, hasa vav, yod na he, wakazitumia pia kudokeza irabu ndefu. Wayahudi waliziita herufi hizo mama wa usomaji. Jina la Kushi, ambalo Wakristo wa Sudan Kusini hulisoma kama jina la nchi yao katika sura ya 18 ya Isaya, lina vav katikati, na vav hiyo ndiyo inayosema u. Mwaka 1947 wachungaji wa Kibedui walipoingia katika pango la Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, walikuta gombo zima la Isaya lenye umri wa zaidi ya miaka 2,000. Mama wa usomaji ni wengi katika gombo hilo. Nukta za irabu hakuna hata moja.

Mto Nile ulitangulia

Watu wengi hudhani kuandika irabu ni elimu iliyotoka mbali ikaletwa Afrika. Historia ya eneo letu yasema vingine. Karne ya 2 kabla ya Kristo, watu wa Meroe, chini ya mto huo huo unaopita Juba, walijitungia maandishi yao. Kwao kila konsonanti ilibeba a ndani yake. Mwandishi akitaka irabu nyingine, aliongeza herufi ya irabu hiyo baada ya konsonanti. Mwingereza Francis Llewellyn Griffith alifumbua sauti za herufi hizo mwanzoni mwa karne ya 20, ingawa lugha yenyewe bado haijaeleweka yote.

Mashariki ya hapo, katika nyanda za juu za Ethiopia, ufalme wa Aksum uliandika Kigeʽezi kwa konsonanti tupu mpaka karne ya 4. Wakati wa mfalme Ezana, aliyeupokea Ukristo, maandishi yakabadilika. Kila konsonanti ikaanza kuongezewa mguu, mkono au pete kulingana na irabu inayoifuata, ikawa na maumbo saba. Mtoto wa Ethiopia au Eritrea anayekariri fidel, kama maandishi hayo yaitwavyo, leo anakariri kazi ya karne hiyo. Maandiko matakatifu yalikuwa yakiingia katika lugha mpya, na waumini walitaka yasomwe bila kubahatisha.

Hofu hiyo hiyo iliwafika Waarabu karne ya 7. Uislamu ulipovuka mipaka ya Arabuni, watu wa Uajemi na Iraki walianza kusoma Kurani kwa ndimi zisizozaliwa na Kiarabu. Abu al-Aswad al-Du'ali wa Basra anatajwa kuwa ndiye aliyeanza kuweka nukta za irabu, kwa wino wa rangi tofauti na ule wa herufi. Karne moja baadaye al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi alitengeneza alama tunazozijua leo. Huyu alikuwa mtoto wa Oman aliyekwenda kusoma Basra, na kazi yake ndiyo iliyofika pwani yetu pamoja na jahazi na misahafu.

Mafundi wa Tiberia

Wayahudi nao walikuwa katika hali hiyo, tena kwa muda mrefu zaidi. Kiebrania kilikuwa kimeacha kuwa lugha ya nyumbani. Watu walizungumza Kiaramu, na baada ya karne ya 7 wengi wakahamia Kiarabu. Torati ilisomwa kila Sabato katika sinagogi, lakini msomaji alitegemea kile alichosikia kwa mwalimu wake, naye mwalimu alitegemea alichosikia kwa wake. Wayahudi walikuwa wametawanyika kutoka Babeli hadi Hispania, na kila upande ulianza kuwa na usomaji wake.

Kati ya karne ya 6 na ya 10 wakatokea wanazuoni wanaoitwa Wamasora, yaani watu wa mapokeo. Walifanya kazi kwa mikondo mitatu. Wale wa Babeli waliweka alama zao juu ya herufi. Waliokuwa Palestina walikuwa na mtindo wao, nao juu ya herufi. Wa Tiberia waliweka nyingi ya alama zao chini, na mtindo wao ndio ulioshinda mingine yote. Sharti lililowabana wote lilikuwa moja: herufi za Maandiko haziguswi. Hakuna konsonanti ya kuongeza, kufuta wala kusogeza. Sauti zote zilipaswa kuingia katika nafasi tupu iliyobaki juu, chini na ndani ya herufi.

Tazama walivyoipanga nafasi hiyo. Nukta moja chini ya herufi ni hirik, i. Nukta mbili zilizolala sambamba ni tsere, e. Nukta tatu zilizopangwa pembetatu ni segol, e iliyo wazi zaidi. Mstari mfupi uliolala ni patah, a. Mstari huo ukiongezewa kinundu chini ni kamats, sauti iliyo kati ya a na o katika matamshi ya Tiberia. Nukta moja juu kushoto ni holam, o. Nukta tatu zilizoinama ni kubuts, u. Ukihesabu sauti zenyewe, Watiberia walitofautisha irabu saba. Kidinka nacho kina irabu saba za msingi, na ni zile zile: i, e, ɛ, a, ɔ, o, u. Lugha hizi mbili hazina udugu wowote, lakini mtu wa Tiberia angekaa na Mdinka wa Bor wakaelewana vizuri kabisa kuhusu tofauti ya e na ɛ, jambo ambalo fataha, kasra na dhumma haziwezi kulionyesha.

Ukoo mashuhuri kuliko wote katika kazi hii ulikuwa wa Ben Asher. Karibu mwaka 930, mwandishi Shlomo ben Buya'a aliandika konsonanti za Biblia nzima, kisha Aharon ben Asher akapita juu yake, herufi kwa herufi, akitia irabu, alama za mahadhi na maelezo ya pembeni. Kitabu kimoja, mikono miwili: mmoja wa herufi, mwingine wa sauti. Baadaye kilifika Kairo, ambako Musa bin Maimun, mwanazuoni mkubwa wa karne ya 12, alikitegemea kama kipimo cha usahihi. Kutoka huko kikapelekwa Aleppo, Syria, kikahifadhiwa na jamii ya Wayahudi wa mji huo kwa karne nyingi. Ghasia za 1947 zilipochoma sinagogi lao, sehemu kubwa ya kitabu ikapotea. Karatasi 294 zilizobaki zilifika Yerusalemu mwaka 1958.

Kairo hiyo hiyo ilitoa nakala nyingine. Mwaka 1008 au karibu yake, Samuel ben Jacob alimaliza kuandika Biblia nzima kwa kufuata usomaji wa Ben Asher. Leo iko Saint Petersburg, na ndiyo nakala kamili ya kale kuliko zote. Matoleo ya Kiebrania wanayotumia watafsiri wengi wa Biblia duniani yamejengwa juu yake. Mfasiri anayeketi kuhamisha Agano la Kale kwenda lugha ya Sudan Kusini, akiwa na Kiebrania mbele yake, anasoma nukta zilizowekwa kando ya Nile, mbali sana chini ya mto.

Alama hizo zilikuwa na nguvu kiasi kwamba watu walisahau umri wake. Mwaka 1538 Elia Levita, Myahudi aliyefanya kazi Italia, aliandika kwamba nukta si za wakati wa Musa wala Ezra, bali ni kazi ya Wamasora. Wakristo wa Ulaya walibishana juu ya hilo kwa zaidi ya miaka 100, na mwaka 1675 makanisa ya Kiprotestanti ya Uswisi yakatangaza kuwa hata nukta zimevuviwa na Mungu. Ushahidi ulimpa haki Levita. Hata jina Yehova, ambalo limeimbwa katika makanisa mengi ya Afrika Mashariki, lilitokana na nukta hizi: Wamasora waliandika konsonanti nne za jina la Mungu lisilotamkwa, wakazitia irabu za neno Adonai ili msomaji akumbuke kulitamka hilo badala yake. Wasomi wa Kikristo wa Ulaya wakasoma konsonanti na irabu kwa pamoja.

Hata hivyo gombo la Torati linalosomwa sinagogini halijatiwa nukta mpaka leo. Msomaji hujiandaa kwa kitabu chenye alama, kisha husimama mbele ya gombo lisilo nazo. Gazeti la Kiebrania la leo huandikwa hivyo hivyo, bila nukta. Nukta kamili huwekwa katika vitabu vya watoto, mashairi, Biblia na vitabu vya sala. Tuliweke akilini jambo hili, maana nitalihitaji tutakapofika Juba.

Alama tatu, irabu tano

Pwani ya Waswahili ilikutana na tatizo hili kwa njia yake. Utenzi wa Tambuka, ambao nakala yake ya 1728 ni miongoni mwa hati kongwe za fasihi ya Kiswahili, uliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama tenzi nyingine zote za zama hizo. Kiarabu kina alama tatu za irabu. Kiswahili kina irabu tano. Kasra ikabidi ibebe i na e, dhumma ikabeba u na o. Mtu wa Lamu au Mombasa hakubabaika, kwa kuwa alijua maneno, na vina vya shairi vilimwongoza. Mgeni alikwama. Wanazuoni wa pwani walijaribu kuziba pengo hilo, na hata mwaka 1997 Sheikh Yahya Ali Omar wa Mombasa, pamoja na P. J. L. Frankl, walichapisha mapendekezo ya namna ya kuandika e na o kwa herufi za Kiarabu bila utata.

Kufikia wakati huo herufi za Kilatini zilikuwa zimekwisha kutawala. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Herufi a, e, i, o, u zilikitosheleza Kiswahili bila nukta wala mstari. Mwaka huo huo, mbali kaskazini-magharibi, mkutano mwingine ulikuwa ukishughulika na lugha ambazo herufi hizo tano hazikuzitosha.

Gondokoro, Malek, Rejaf

Majirani wa Juba ya leo waliandikwa mapema. Gondokoro, ng'ambo ya mto, ilikuwa kituo cha wamisionari Wakatoliki kutoka Austria na Italia katika miaka ya 1850. Homa iliwaua wengi wao, na kituo kikafungwa, lakini daftari zao za maneno zilifika Ulaya. Kutokana na daftari hizo Johannes Mitterrutzner alichapisha kitabu cha Kidinka mwaka 1866 na cha Kibari mwaka 1867. Mwaka 1906 Waanglikana wa shirika la misheni la CMS walifungua kituo Malek, karibu na Bor, ambako Archibald Shaw alikaa kwa miongo mitatu na zaidi akifundisha na kutafsiri. Kila misheni ilikuwa na tahajia yake. Kitabu cha Wakatoliki wa Bahr el Ghazal kilimshinda msomaji wa Malek, ingawa wote walisoma Kidinka.

Aprili 1928 serikali ya kikoloni ikaita mkutano Rejaf, kusini kidogo mwa Juba, penye kilima kinachoonekana toka mbali. Wajumbe walikuwa maofisa wa serikali na wamisionari, wakiwemo waliotoka Uganda na Kongo ya Wabelgiji. Mtaalamu wa lugha alikuwa Mjerumani Diedrich Westermann, aliyekwisha kuandika kitabu juu ya Washilluk na aliyekuwa mkurugenzi katika Taasisi ya Kimataifa ya Lugha na Tamaduni za Kiafrika ya London. Mkutano ulichagua lugha za kufundishia katika madarasa ya mwanzo, zikiwemo Kidinka, Kibari, Kinuer, Kishilluk, Kilatuko na Kizande, na ukakubaliana juu ya alfabeti moja ya kuziandika. Siasa ilikuwemo ndani yake: Waingereza walitaka kuitenga kusini na Kiarabu cha kaskazini, na sera hiyo iliwekwa rasmi mwaka 1930.

Taasisi ya Westermann ilikuwa na msimamo unaokinzana na Tiberia. Ilishauri kwamba lugha za Kiafrika ziandikwe kwa herufi mpya kamili kila inapowezekana, badala ya kubandika alama juu na chini ya herufi za zamani, kwa kuwa alama huchelewesha mkono na mwandishi huziacha. Ndiyo maana Sudan Kusini ina ŋ, ɣ, ɛ na ɔ. Herufi hizi zilitatua ubora wa irabu: e si ɛ, o si ɔ. Mwaka 1929 serikali ikamleta Archibald Tucker, mtaalamu kijana wa sauti, ili azifanyie kazi lugha hizi moja baada ya nyingine.

Lakini herufi mpya hazikumaliza kazi. Irabu za Kidinka hutofautiana pia kwa koo. Nyingine hutamkwa kwa sauti ya kawaida, nyingine kwa pumzi nyingi, koo likiwa limelegea. Ungetaka herufi mpya kwa kila moja, alfabeti ingevimba kupita kiasi. Kwa hiyo hapa alama zikarudi. Kidinka kikaweka nukta mbili juu ya irabu ya pumzi: ä, ë, ɛ̈, ï, ö, ɔ̈. Herufi u peke yake haina nukta, kwa sababu katika lahaja nyingi hutamkwa kwa pumzi siku zote na haina mwenza wa kutofautishwa naye. Kinuer, lugha ndugu ya Kidinka, kikaweka mstari chini ya irabu ya pumzi. Kama Babeli na Tiberia, majirani wawili wenye sauti za aina moja walichagua mmoja juu, mwingine chini.

Kwa nini irabu izingatiwe kiasi hicho? Kwa sababu shina la neno la Kidinka kwa kawaida ni silabi moja, na sarufi hufanyika ndani ya silabi hiyo. Kiswahili huongeza viambishi mbele na nyuma: shamba, mashamba, lima, limia, limisha. Kidinka hugeuza irabu. Dom ni shamba, dum ni mashamba. Kitenzi hubadili irabu yake, urefu wake, pumzi yake au toni yake ili kueleza nani ametenda, na kama tendo linaelekea huku au kule. Mwaka 1987 Torben Andersen, mwanaisimu wa Denmark, alionyesha kwamba Kidinka cha Agar kina urefu wa irabu wa ngazi tatu, jambo la nadra mno katika lugha za dunia. Maandishi ya kawaida huonyesha ngazi mbili, kwa kuandika irabu moja au mbili, na toni haziandikwi. Sehemu kubwa ya sauti bado imebaki kwa msomaji ajaze mwenyewe, kama ilivyokuwa kabla ya Tiberia.

Alfabeti iliyokuja na amri

Baada ya uhuru wa Sudan mwaka 1956, Khartoum iliona alfabeti ya Rejaf kama ukuta uliojengwa na mkoloni. Wizara ya Elimu ilimwajiri Khalil Mahmud Asakir, msomi wa Chuo Kikuu cha Kairo, atengeneze namna ya kuandika lugha za kusini kwa herufi za Kiarabu. Asakir alikuwa mtaalamu wa kweli. Alijua fataha, kasra na dhumma hazitoshi, akabuni alama za nyongeza kwa irabu zilizokosekana, na vitabu vya shule vikatayarishwa.

Havikushika mizizi, na kosa halikuwa katika nukta. Vitabu hivyo vilikuja wakati ambao serikali ilitwaa shule za misheni mwaka 1957, ikahamisha siku ya mapumziko kutoka Jumapili hadi Ijumaa mwaka 1960, wanafunzi wa Rumbek wakagoma, na mwaka 1964 ikawafukuza wamisionari wa kigeni. Alfabeti ya Asakir ilisomwa kama sehemu ya amri hizo. Watu wa kusini hawakuulizwa wanataka lugha zao ziandikwe vipi. Hawakuulizwa Rejaf pia, na hilo lazima lisemwe. Lakini katika miaka iliyofuata Rejaf, makatekista, walimu na wachungaji wa kusini waliichukua alfabeti ile, wakaandikia barua, nyimbo na vitabu vya ibada, mpaka ikawa yao. Daniel Deng Atong, mtoto wa shule ya Malek, alisimikwa uaskofu Namirembe, Kampala, mwaka 1955, pamoja na Festo Olang' na Obadiah Kariuki wa Kenya na Yohana Omari wa Tanganyika. Kizazi chake ndicho kilichozigeuza nukta mbili za wageni kuwa mali ya Wadinka.

Mkataba wa Addis Ababa wa 1972, uliomaliza vita kati ya kusini na Khartoum, ulirudisha lugha za kusini shuleni kwa alfabeti yao, na taasisi ya lugha za kimkoa ikafunguliwa Maridi. Kisha vita vikarudi mwaka 1983.

Sauti zilizotawanyika

Vita hivyo vilifanya kwa Wadinka na Wanuer kile ambacho uhamisho ulifanya kwa Wayahudi. Watu walikwenda Itang na Pinyudo huko Ethiopia, kisha Kakuma tangu 1992, wengine pembezoni mwa Khartoum, wengine Uganda, Marekani na Australia. Makambini, nyimbo za Kikristo za Kidinka zilitungwa kwa wingi mno, nyingi na wanawake kama Mary Alueel Garang, na watu wazima walijifunza kusoma ili washike kitabu cha nyimbo mkononi. Lugha iliandikwa zaidi katika miaka ya kuhangaika kuliko ilivyoandikwa katika miaka ya utulivu.

Lakini watoto wa miaka hiyo walikua na Kiswahili cha Kakuma, Kiarabu cha Khartoum na Kiingereza cha shule. Waliorudi Juba baada ya amani ya 2005 na uhuru wa Sudan Kusini wa 2011 waliikuta lugha ya wazazi katika midomo ya wazee. Wengi wanaielewa, wachache wanaisoma. Simu nayo imeongeza uzito wa jambo hili. Herufi ä, ë, ï na ö hupatikana kwa urahisi, kwa sababu lugha za Ulaya huzitumia. Lakini ɛ̈ na ɔ̈ hazikupewa nafasi ya kila moja peke yake katika mfumo wa herufi wa kompyuta: ni lazima uandike ɛ kisha uipachike nukta mbili kama alama ya pili, jinsi ambavyo nukta za Kiebrania hupachikwa kwenye konsonanti. Baobonye nyingi za simu hazirahisishi kazi hiyo. Kwa hiyo ujumbe mwingi hutumwa bila nukta, bila ŋ, bila ɔ, na mpokeaji hujaza kwa kichwa chake. Mzee hujaza sawasawa. Kijana aliyekulia Nairobi au Melbourne hana cha kujazia.

Katiba ya mpito ya 2011 imetamka kwamba lugha zote za asili za Sudan Kusini ni lugha za taifa, na sheria ya elimu ya 2012 inataka madarasa ya mwanzo yafundishwe kwa lugha hizo. Ahadi hizo zinahitaji vitabu, na vitabu vinahitaji uamuzi juu ya nukta. Wapo wanaosema alama ziachwe kwa kuwa zinachosha na msomaji mzoefu hazihitaji. Wana haki kuhusu msomaji mzoefu. Wayahudi walilijua hilo, ndiyo maana gazeti lao halina nukta. Lakini walijua pia kwamba msomaji mzoefu hutengenezwa, na hutengenezwa na kitabu kilichotiwa nukta zote.

Basi utaratibu wao unafaa kuigwa Juba. Kitabu cha mtoto wa darasa la kwanza hadi la tatu kiwe na kila nukta na kila mstari, bila kuruka hata mmoja. Kitabu cha nyimbo na Biblia vivyo hivyo, maana humo ndimo lugha inamosomwa kwa sauti mbele ya watu. Mtu mzima akiandika ujumbe wa haraka, aandike apendavyo. Na anayepitisha tahajia awe mwalimu wa Kidinka, wa Kinuer, wa Kibari na wa kila lugha inayohusika, akae mezani kama Aharon ben Asher alivyokaa na kurasa za Ben Buya'a, akiwa na mamlaka ya kutia sauti katika lugha yake mwenyewe. Rejaf walikaa wageni, Khartoum iliketi serikali. Zamu hii ni ya wenye lugha, na wazee ambao bado wanaweza kuwaambia ipi ni ɛ na ipi ni ɛ̈ wako hai, waulizwe sasa.